Ukiulizwa, Sema Ni Divai

Subukia, Ijumaa alasiri

Nyambura wangu,

Umeenda Nakuru kusukwa nywele, baba yako amekupeleka na pikapu, kwa hiyo nina kama saa tatu za kukaa peke yangu. Nimeshuka stoo. Nimekalia kreti la soda lililopinduliwa, karatasi iko magotini, na mlango nimeuacha wazi ili nipate mwanga. Ukiona mwandiko umepinda, laumu kreti.

Sitakuambia habari za sweta. Shangazi zako wamekuambia habari za sweta wiki nzima mpaka nikaanza kuhisi joto mimi. Dawa, simu, vyeti, mahali pa kuficha pasipoti, yote wamemaliza, na mengine wameyasema mara mbili. Barua hii ni ya jambo moja tu.

Jumapili, tulipokuwa tukitoka kanisani, ulinishika mkono ukaniambia kwa sauti ya chini, "Mum, please. Siku moja tu. Tupeleke hizo chupa kwa kina Wairimu, kesho yake mnazirudisha. Mzee Gathogo amesema hawezi kuomba kwa boma iko na stoo ya pombe." Nikakujibu, "Nitaona." Ukanikumbatia pale pale barabarani. Ulidhani nitaona maana yake ni ndiyo. Basi nimeona, mwanangu, na jibu langu ni hapana. Kesho saa sita mchana watu watakapofika kukuombea safari ya Ujerumani, chupa zangu zote zitakuwa hapa hapa zilipolala, zote thelathini na tisa. Ndiyo, thelathini na tisa. Jumapili zilikuwa thelathini na nane, na hiyo moja iliyoongezeka nitakueleza.

Najua utakasirika. Kasirika tu, lakini soma mpaka mwisho.

Wewe unaziita wine. Mzee Gathogo anaziita pombe, na anapolitaja neno hilo hukunja pua, hata kama yuko mbali nazo kilomita tatu. Mimi naziita divai, kwa sababu ndilo neno lililomo ndani ya Biblia anayoibeba kwapani. Siku ya harusi ile ya Kana hawakugeuziwa maji yakawa juisi ya zambarau ya kuchanganya, kama ile tunayopewa kanisani kwenye vikombe vya plastiki. Nimeinywa hiyo juisi miaka yote kwa heshima na sijawahi kumwuliza mtu ilitoka duka gani.

Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipoenda Longonot. Nyanya yako alinifungia nguo kwenye shuka, akanisindikiza mpaka barabarani, akasema, "Tumekutuma. Usituaibishe." Sikuulizwa kama nataka. Nilienda kufanya kazi katika nyumba ya wageni ya mama mmoja mzungu, mjane, aliyependa mbwa na hakupenda kelele. Chini ya ile nyumba kulikuwa na chumba cha mawe, na humo ndani chupa zake zilikuwa zimelala kwenye rafu. Kila chakula cha mchana ilikuwa, "Wangari, nenda chini uniletee." Sikujua kusoma majina yale ya Kifaransa, kwa hiyo nilizijua kwa umbo. Zilizokuwa na mabega zilikuwa za Bordeaux. Sisi wafanyakazi tuliziita bodo. Nilishuka na kupanda ile ngazi miaka mingi, nikitumwa, na sikuwahi kujiuliza ndani ya zile chupa mna nini hasa.

Mchana mmoja wageni walikula haraka wakaondoka kwenda kupanda mlima, na mmoja akaacha glasi nusu. Ilikuwa bodo ya zamani. Nilikuwa nimesimama kwenye sinki, sabuni mpaka kwenye viwiko. Kila siku nilikuwa nikimwaga mabaki hayo. Siku hiyo sikumwaga. Nilikunywa.

Sijui nikuelezeje. Mwanzo niliona ni kali, nikataka kutema. Kisha ikaja harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi, ile ya darasa la kwanza. Ikaja ladha ya tunda damu lililoiva likasahauliwa chini ya gunia. Mwisho kabisa, nilipokwisha kumeza, ukabaki udongo, udongo wa huku kwetu Subukia mvua inapoanza kunyesha baada ya vumbi la Februari. Nikavuta stuli nikaketi. Mpishi akaniuliza, "We, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Nilikuwa nimepata kitu kinachonipendeza ambacho hakuna aliyenituma nikipende, na hilo halikuwa limenitokea tangu nizaliwe.

Yule mama alipouza nyumba akarudi kwao, alituambia kila mtu achague kitu kimoja. Mpishi akachukua friji. Mwenzangu wa kufua akachukua godoro na mito yake. Mimi nikaomba chupa moja ya bodo. Walicheka mpaka wakashika mbavu. "Wangari amerogwa," walisema. Mama yule hakucheka. Alishuka mwenyewe, akanichagulia, akaniambia niilaze mahali pa baridi pasipo na jua. Nilimwitikia, kisha nikafanya nilivyotaka.

Unajua nilichofanya, kwa maana ulikuwepo. Niliisimamisha kwenye kabati la vioo la sebuleni, juu ya kitambaa nilichokifuma mwenyewe, katikati ya picha ya harusi na zile glasi sita ambazo hakuna mtu wa nyumba hii aliyekuwa amewahi kunywea. Nyumbani kwetu kitu kizuri hukaa wapi? Si kwenye kabati la wageni? Ningewezaje kukificha gizani, kilale ubavu kama mgonjwa? Niliipangusa vumbi kila Jumamosi. Nilihakikisha jina lake linatazama mlangoni. Na jua la alasiri, lile linaloingia kwa dirisha la kando, liliipiga kila siku, miaka minne mizima.

Sasa nafika kwenye lile ambalo hatujawahi kulizungumza mimi na wewe.

Ulikuwa na miaka tisa. Nilijua watu wa kanisa watakuja kutembelea nyumba zetu, nami sikutaka maneno. Chupa sikuiondoa, maana ningeona aibu kuiondoa, na kusema ukweli sikuweza pia. Nikakuita jikoni, nikainama mpaka uso wangu ukawa karibu na wako, nikakuambia, "Ukiulizwa ile chupa ni ya nini, sema ni dawa ya mama." Kisha nikaenda kukamua. Nilienda kukamua, Nyambura, saa ambayo si ya kukamua. Nilikuwa nyuma ya banda nikasikia sauti ya Mzee Gathogo dirishani, akikuuliza wewe.

"Hii nayo ni nini, kamum?"

"Ni dawa ya mama."

"Dawa ya nini?"

 Sikuwa nimekufundisha zaidi ya hapo. Halafu nikakusikia ukisema, "Ya kichwa."

Alicheka. Na wale mama wawili aliokuja nao wakacheka. Ng'ombe aliniangalia na mimi nikamwangalia ng'ombe. Ningeweza kuzunguka lile banda, hatua kumi na tano tu, niingie ndani niseme, Mzee, hiyo ni divai, na ni yangu, na mtoto hana makosa. Nilikaa pale nikashikilia ndoo isiyokuwa na kitu.

Jumapili iliyofuata akakuita mbele. Akakushika bega akaambia kanisa tuombee nyumba ambazo watoto wamefunzwa kuficha chupa za wazazi wao. Ulikuwa umevaa ile nguo yako ya njano. Ulinitafuta kwa macho katika viti mpaka ukaniona, kiti cha tatu, upande wa wanawake. Na mimi nikainamisha kichwa. Alipomaliza kuomba nilisema Amina. Nilisema kwa sauti kuliko waliokaa karibu nami, ili mtu yeyote asidhani kwamba hiyo nyumba ni yangu.

Nimekosea mengi katika maisha yangu. Nimewahi kumpiga kofi dada yangu mbele ya wakwe zake. Nimewahi kuuza shamba la chini kwa haraka nikajuta. Lakini hakuna kosa linaloniamsha usingizini kama lile neno Amina. Naomba msamaha, mwanangu. Ningepaswa kuomba miaka kumi na tano iliyopita, na nilikuwa naogopa kwamba umesahau na nitakukumbusha. Jumapili hii uliponiomba tuzifiche chupa kwa kina Wairimu, nilijua hujasahau. Bado unailinda ile dawa ya kichwa.

Sikia na kilichofuata, maana hukuwahi kuambiwa. Siku ile tulipotoka kanisani niliifungua ile chupa. Nilifungua kwa hasira, na kisu, kwa kuwa kizibuo sikuwa nacho. Kizibo kilikuwa kimekauka kikavunjika vipande kama mkate wa juzi. Nikamimina kwenye glasi mojawapo ya wale wageni wetu wasiofika. Ilikuwa siki. Siki tupu, hata saladi ingeikataa. Miaka minne nilikuwa nimepangusa vumbi la siki. Nilikuwa nimekufanya udanganye, na ukasimamishwa mbele ya kanisa zima, kwa ajili ya siki.

Hapo nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kusema Mzee Gathogo ana haki, nikavunja chupa, nikawa mama wa chama cha kina mama, na leo hii pengine ningekuwa mwenyekiti wao. Ya pili ni hii niliyoketi ndani yake.

Uliijua stoo hii kama mahali pa viazi. Kabla ya hapo, wakati shamba lote hili lilikuwa la mzungu mmoja, kilikuwa chumba cha kupozea maziwa, kimechimbwa ndani ya mlima, kuta za mawe unene wa mkono mzima. Nilitoa viazi. Baba yako, ambaye hajawahi kuonja kitu kikali kuliko maziwa lala, alikuja na misumari mdomoni akaniambia, "Mimi hiyo kitu yako sitaki hata kunusa. Lakini mbao nitakupigia." Akapiga rafu za mkangazi siku tatu. Ndiye mwanaume niliyeolewa naye, na siku moja ukitaka kuolewa, tafuta mtu wa kukupigia rafu za kitu asichokipenda.

Nilijifunza upya. Chupa hulazwa ili kizibo kisikauke. Hukaa gizani. Haisumbuliwi, haigeuzwi geuzwi kama chapati. Januari na Februari nashuka kila asubuhi kulowesha magunia niliyoning'iniza ukutani, ili hewa isikauke. Nimenunua moja moja, mwaka hadi mwaka, kwa maziwa na kwa viazi vyangu, kutoka kwa watu wanaohama na hoteli zinazofungwa. Nafungua mbili kwa mwaka, moja mvua kubwa inapoanza na moja Krismasi, na sijawahi kuyumba hata siku moja. Lakini sikuandiki barua hii nijitetee. Hata ningekuwa nafungua sita, ni zangu.

Sasa, Jumapili hii iliyopita. Mzee Gathogo amekuwa mzee kweli siku hizi, ananyanyuka kwa fimbo, lakini sauti bado anayo. Alikuita mbele tena. Kwenye ulimi wake hukuwa mtoto wa mama mlevi. Ulikuwa binti yetu nesi. Akakushika bega lile lile. Akasema, "Nyambura, tunakutuma Ujerumani. Umetumwa na kanisa, umetumwa na Subukia yote. Usituaibishe." Watu wote wakasema Amina. Mimi sikusema. Uliniangalia, na niliona umeona.

Ndipo tukatoka, ukaniomba yale niliyoandika pale juu. Na Jumatano nikaenda kununua chupa nyingine.

Ulidhani tumeenda kununua sanduku. Sanduku tulinunua kweli, lile la bluu. Lakini lilipofika nyumbani halikuwa tupu. Kabla ya hapo nilikuwa nimemuuza yule mtamba mwekundu. Kijiji kizima kinajua nimemuuza, na kinasema ni kwa nauli yako, Mungu ambariki Mama Nyambura. Nauli yako imelipwa na hospitali inayokungoja. Mtamba nilimuuza kwa ajili ya bodo, na atakayeuliza nitamwambia.

Kuna wakili mstaafu pale Milimani, Nakuru, anahamia kwa mwanawe na anauza vitu vyake. Nilisikia ana divai za zamani, na mojawapo ni ya mwaka ule ule uliozaliwa wewe. Baba yako alinishusha langoni akabaki kwenye pikapu na njugu zake. Askari akaniangalia kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka raba.

"Sasa, mathe. Umetumwa na nani?"

Nikamwambia nimekuja kumwona wakili, kuhusu divai.

"Hiyo nimeskia. Lakini ni nani amekutuma?"

Nyambura, nina miaka hamsini na minne. Nilisimama kwenye lile lango nikahesabu kichwani watu wote walionituma. Mama yangu, barabarani na ile shuka. Mama wa Longonot, juu ya ngazi. Kanisa, mara nyingi. Sikupata hata safari moja niliyokwenda kwa sababu nimetaka mwenyewe. Nikamwambia, "Nimejituma."

Akacheka vizuri, si kwa dharau. "Umejituma! Hiyo poa, mathe. Ingia."

Wakili naye hakuwa tofauti, ila alikuwa na Kiingereza zaidi. "Mdosi wako angenipigia tu simu tungeongea," akasema. "Anataka za ku-drink ama za kuweka?"

"Mdosi ni mimi. Nataka ya kuweka."

Aliangalia raba zangu kama askari alivyoziangalia. Kisha akanipeleka sebuleni, na huko, mwanangu, nilikutana na kabati langu. Kubwa kuliko langu, lina taa ndani, lakini ni lile lile, hata kitambaa cha kufuma kipo. Chupa imesimama katikati, jina lake safi linatazama mlangoni. "Hii ndiyo hiyo ya huo mwaka," akasema. "Clean kabisa. Wageni wanaipenda."

"Imesimama hapo tangu lini?"

"Tangu tujenge."

Nikaomba niishike. Divai ilikuwa imeshuka kutoka shingoni mpaka chini ya mabega, na pembeni mwa kizibo kulikuwa na njia nyekundu iliyokaukia. Nikamwambia, "Hii imelia, wakili. Hii ni siki." Akataka kubisha, akaniangalia, akaacha. Nikamwuliza kama kuna nyingine. Akasema ziko chache chini ya ngazi, lakini zimechafuka, unyevu umekula karatasi, hizo labda za kupikia nyama.

Nilipiga magoti chini ya ile ngazi. Kulikuwa na boksi la mbao, na ndani yake chupa mbili zimelala, za mwaka huo huo. Ukungu mweusi ulikuwa juu ya kizibo na karatasi imebaki nusu. Divai imejaa mpaka shingoni. Nikamulika kwa simu: mashapo yamelala upande mmoja tu, mstari mmoja mwembamba, maana yake tangu iwekwe hakuna aliyeigusa. Nilitaka kulia pale chini ya ngazi ya mtu. Kile kilichosahauliwa ndicho kilichokuwa kizima.

"Hii," nikamwambia.

"Madam, hiyo huwezi weka kwa meza ya wageni."

"Si ya wageni."

Akakuna kichwa. "Basi nitakupunguzia, kwa sababu ya uchafu."

"Usinipunguzie. Itaje bei yake."

Baba yako alinicheka kwa hilo njia nzima mpaka nyumbani. Lakini sikutaka niuziwe chupa yako kama kitu kilichoharibika. Wakili aliitaja bei yake, nikalipa, akabaki ameishika ile nyingine ya kabatini kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani. Akaniuliza nilijulia wapi mambo haya. Nikamwambia Longonot, kwa kutumwa. Akauliza polepole, "Kwa hivyo hii nimeua?" Nikamwambia ameiua, lakini asijilaumu, hata mimi niliua moja vivyo hivyo, na kwa kitambaa kizuri zaidi.

Ilikuja nyumbani ndani ya sanduku lako la bluu, imelazwa kati ya zile sweta. Kwa hiyo sweta zina faida, waambie shangazi zako.

Sasa nakuambia kilichonifanya nikae kwenye kreti hili mpaka miguu ikafa ganzi. Kesho wote watakuambia umetumwa. Wengine watakupa orodha, wengine watakupa maombi, na yote mawili ni mizigo. Usikubali. Hujatumwa na Mzee Gathogo, hujatumwa na Subukia, na zaidi ya wote hujatumwa na mimi. Najua mimi ndiye niliyetuma zaidi yao wote. Fomu ya chuo cha unesi niliijaza kwa kalamu yangu, wewe ukiwa umesimama mlangoni ukisema unataka kusomea magari. Nilikuona ukifungua injini ya pikapu na uso wako umejaa mwanga, nikakuambia ukanawe mikono. Sikuwa tofauti na nyanya yako na ile shuka yake. Ukifika huko ukaona kazi ya wagonjwa umeipenda, ifanye. Ukiona moyo wako uko kwenye injini, nenda kwenye injini, na usinipigie simu kuomba ruhusa. Nipigie kuniambia tu.

Hili sisemi kama mtu aliyeshinda. Ningali naogopa maneno ya watu. Asubuhi ya leo nilishuka hapa na gunia mkononi, nikazipakia chupa tano za rafu ya juu nizipeleke kwa kina Wairimu. Nilifika mpaka mlangoni. Halafu nikakumbuka ile nguo ya njano, nikarudi nikazilaza tena moja moja.

Kwa hiyo kesho itakuwa hivi. Chakula kitakuwa saa sita. Mlango wa stoo utakuwa wazi, bila kufungwa wala kufunikwa, na atakayetaka kuchungulia achungulie. Mzee Gathogo akikataa kuingia, nitampelekea kiti langoni na sahani ya pilau, na aombe akiwa huko, Mungu hana shida ya masikio. Wewe ukitaka kwenda kusimama naye langoni, nenda. Nitaumia, sitakuficha, lakini chakula chako kitakungoja.

Chupa yako hatutaifungua kesho. Si ya kufungulia watu ili waone. Iko rafu ya chini kabisa, mwisho, upande wa ukuta wa mlima ambako hakuna jua linalofika. Inaweza kukaa miaka kumi zaidi, nikilowesha magunia, na nitayalowesha. Rudi mwaka huu au rudi ukiwa na mvi. Usirudi kwa sababu unadaiwa salamu na mtu. Rudi siku utakayosikia kiu, tutashuka wawili, na tutainywea kwenye zile glasi sita za wageni, na tukizivunja tuzivunje.

Ndani ya bahasha hii kuna ufunguo wa stoo. Nilitengenezewa wa pili jana. Baba yako hana, kwa hiyo usimpe.

Na kesho Mzee Gathogo akikushika bega mbele ya watu, akuulize mama yako ameweka nini huko chini, sema ni divai. Sauti ikikukataa, nyamaza tu, usitafute neno jingine. Nitakuwa nimesimama karibu yako, sitakuwa nyuma ya banda, na safari hii nitajibu mimi.

Mama yako,
Wangari